Kinga Banda la Kanga na Kware Dhidi ya Mbwa na Bweha

Leo tuzungumzie hasara inayokuja usiku mmoja tu. Chanjo umetoa, chakula umenunua, mteja wa hoteli ameshaweka oda, halafu asubuhi unakuta manyoya yametapakaa banda zima. Tuseme kanga mmoja unamuuza shilingi 30,000. Wakifa 40, shilingi 1,200,000 imeondoka, na mteja hatakusubiri ukuze wengine. Hela hiyo ingetosha kununua waya imara na kubaki.

Mjue adui yako kwanza

Usikimbilie kulaumu. Soma alama.

Mbwa mara nyingi hauli tu apate kula. Anafukuza kila kinachoruka, kwa hiyo unakuta ndege wengi wamekufa na wameachwa hapo hapo, waya umevutwa au umechanika, na shimo pana limechimbwa chini.

Bweha kwa kawaida huchukua na kuondoka. Unakuta idadi imepungua, manyoya yanaelekea porini. Hapa kwetu msumbufu ni hasa bweha mwenye mgongo mweusi. Yule mdogo mwenye masikio makubwa, bweha masikio, chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu wengine, kwa hiyo usimbebeshe kesi bila ushahidi.

Nyegere ana nguvu na kucha ndefu. Anachimba, anang'oa mbao, na wavu mwepesi kwake si kitu. Nguchiro hupenya kwenye upenyo mdogo mchana kweupe na hupenda sana mayai. Kanu hupanda miti na mapaa usiku, kwa hiyo banda lisilo na paa haliwezi kumzuia.

Wavu wa kuku peke yake hautoshi

Vijana wengi wanakosea hapa. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita kazi yake ni kuzuia ndege wasitoke. Haukutengenezwa kumzuia mbwa asiingie. Mbwa mkubwa anauchana. Tumia waya meshi wa kuchomelea, walau mita moja kutoka chini, wenye matundu ya nusu inchi. Matundu hayo yanamzuia nguchiro, panya na nyoka wengi pia. Juu yake unaweza kuendelea na waya wa bei nafuu, lakini ukague mara kwa mara.

Sentimita 60 za mwanzo kutoka chini zibe kabisa kwa tofali, mbao au bati. Sababu ni mbili. Kwanza, paka au nguchiro hawezi kumvuta ndege mguu au kichwa kupitia tundu. Pili, ndege hawamwoni mbwa anayezunguka nje. Kanga akishtuka anaruka na kujigonga, wengine wanarundikana kona moja na kukosa hewa. Unaweza kupoteza ndege hata kama mbwa hajaingia ndani! Kwa hiyo kona za ndani zizibe kwa ubao ili zisiwe kali.

Kware wana tabia ya kuruka wima wakishtuka. Vizimba vyao viwe na kimo kifupi, sentimita 25 hadi 30, ili wasipate kasi ya kuumia kichwa. Kisha viweke ndani ya banda linalofungwa, visikae wazi uani.

Sketi ya waya

Mbwa na bweha huchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Hapo ndipo uwategee. Shusha waya sentimita 30 chini ya udongo, kisha ukunje kuelekea NJE sentimita 30 nyingine, ufukie na kupanga mawe juu. Mnyama anachimba, anakutana na waya, na hana akili ya kurudi nyuma aanzie mbali.

Hesabu ni rahisi. Banda la mita 6 kwa 4 lina mzunguko wa mita 20. Unahitaji mita 20 za waya wenye upana wa sentimita 60, pamoja na nyongeza kidogo ya kona. Usinunue kwa kukisia.

Mlango na ratiba

Banda zuri lenye komeo bovu ni kazi bure. Weka komeo mbili, juu na chini, na kizingiti cha tofali au zege. Kanga wazoeshwe tangu vifaranga kuingia ndani jioni kwa kuwapa chakula humo kabla giza halijaingia. Wakishazoea kulala mtini, kuwarudisha ni shughuli.

Chakula kilichomwagika kifagie. Kinaita panya, na panya wanaita nyoka. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina, maana ukitupa nyuma ya banda umemwalika mbwa mwenyewe.

Usithubutu kutega sumu

Sumu haichagui. Itaua mbwa wa jirani, tai, na inaweza kumfikia mtoto. Bweha na nyegere ni wanyamapori, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wakizidi, ripoti kijijini na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Hapo hapo uliza pia kuhusu kibali cha kufuga ndege wa asili ya porini. Mbwa wa jirani? Ongea naye kwanza, ikishindikana mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukiwa na picha za hasara.

Usiunganishe waya wa banda na umeme wa nyumbani. Huo unaua watu.

Mwisho, kichaa cha mbwa. Mbwa na bweha wote wanaweza kukibeba. Bweha anayekuja mchana bila woga, usimsogelee. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri dalili, zikishatokea hakuna tiba. Na mbwa wako wa ulinzi achanjwe kila mwaka.

Leo jioni, kabla hujalala, zunguka banda lako na tochi. Kila tundu linalopitisha ngumi yako, ujue kuna mnyama anaweza kulipita. Lizibe. Kazi njema!