Je, Wajua? Umeme Mdogo na Haja Kubwa

Je, wajua ya kuwa maradhi ya kutoweza kuzuia haja kubwa, ambayo mwenye nayo aghalabu huyasitiri hata kwa jamaa zake, na kwa kuyasitiri, kwa maoni yangu, akajinyima tiba, yaweza kutulizwa kwa kifaa kidogo kipelekacho mapigo hafifu ya umeme kwenye mishipa ya fahamu itokayo chini ya uti wa mgongo? Mwaka 1995 tabibu Klaus Matzel wa Erlangen, Ujerumani, na wenziwe walitangaza habari za wagonjwa 3 wa kwanza. Na desturi ni kuujaribu waya wa kifaa hicho kwanza kwa siku kadhaa, kisha, ukifaa, betri hutiwa chini ya ngozi ya tako. Lakini mama aliyepatwa na fistula kwa uzazi wa taabu, hata likabaki tundu baina ya uke na utumbo, yeye kwanza hushonwa tundu hilo, wala si kutiwa umeme. Na wakazi wa Kisongo, Arusha, hawana safari ndefu ya kuifuata tiba hiyo ya fistula, kwani huko Ngaramtoni ipo hospitali ya Kivulini, iwatibuyo akina mama hao bila malipo.