Kiini chenye Kaoni: Maelezo ya Istilahi

Wachimbaji wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huchimbua mawe mazito ambayo yakiyeyushwa hutoa bati. Bati hilo silo lile tuezekealo nyumba, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Jina moja limebeba vitu viwili, na mwanafunzi wa huko ndiye ataabikaye kwanza. Twaanza na mfano huu kwa kuwa kosa la namna hiyo laweza kutendeka katika fizikia ya viini.

Kiini cha atomu ya bati kina protoni 50. Idadi hiyo hujaza ganda zima la kiini na kukipa uimara. Ndiyo maana bati lina isotopu thabiti 10, nyingi kuliko za elementi nyingine yoyote. Nje yake huzunguka elektroni 50.

Kaoni ni chembe iliyotambuliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1947. Kaoni hasi ina tungamo karibu mara 966 ya elektroni. Ikinaswa na atomu, hushika nafasi ya elektroni na kukizunguka kiini kwa karibu zaidi, ikivutwa na umeme. Mfumo huo twapendekeza uitwe atomu ya kaoni.

Ila iko kani nyingine, ile ishikamanishayo protoni na nyutroni, nayo yaweza kuivuta kaoni hadi ndani. Hapo kaoni si mzungukaji tena bali ni mkazi, na mfumo wenyewe ni kiini chenye kaoni. Tuliifikiria istilahi "kiini cha kaoni" tukaiacha, maana yadokeza kwamba kaoni ndiyo yenye kiini. Vilevile twasema kaoni "iliyofungamana". "Iliyofungwa" yanuka jela.

Mfano mwepesi kuliko yote ni kaoni moja na protoni mbili. Protoni mbili zikiwa peke yake hazifungamani. Kaoni ndiyo izishikayo. Mwaka 2019 watafiti wa J-PARC, Japani, waliorusha kaoni kwenye heliamu 3, walitangaza dalili za mfumo huo. Nishati ya mfungamano wake yazidi elektronivolti milioni 40, ambapo ile ya protoni na nyutroni katika diuteroni ni milioni 2.2 tu. Hata hivyo haudumu, kwani kaoni humezwa mara. Katika kiini kizito kama cha bati la Kyerwa humezwa upesi zaidi, hata alama yake ikatanda isitambulike.