Mazoezini anatupia, porini anapaisha: Kumbe mchawi ni kigumba

UNAMJUA yule straika wa mazoezini. Jumatatu hadi Ijumaa anatupia anavyotaka, kipa kazi yake ni kuokota mipira wavuni. Jumamosi filimbi ya mechi ikilia, shuti la kwanza linaenda kwa wauza maji jukwaani.

Kule Marekani wawindaji wa upinde wanaijua sana aibu hiyo. Mtu anafanya mazoezi kiangazi chote, mishale inarundikana katikati ya shabaha hadi inagongana. Msimu ukikaribia, anafungua vigumba vya mazoezi, anafunga vile vyenye wembe vya kuwindia, anapiga mshale mmoja wa kujaribu. Unakwenda kushoto, kiganja kizima.

Upinde ni uleule, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kigumba tu, yaani kile chuma cha mbele ya mshale.

Na hapa hakuna marudiano. Jimbo la Michigan, kwa mfano, msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa Oktoba 1. Mtu anaweza kukaa juu ya mti siku nzima, kulungu akatokea mara moja, akasimama sekunde tano. Sehemu ya kupiga, pale penye moyo na mapafu, inakaribiana na ukubwa wa mpira namba 5. Ukipiga hapo, kwa kawaida mnyama hafiki mbali kabla ya kuanguka. Ukikosea kiganja kimoja, anakimbia na jeraha, anakwenda kufa taratibu mahali ambapo hutamwona. Hiyo si kukosa bao, ni kumtesa kiumbe bure. Uingereza walishapiga marufuku uwindaji wa upinde, na hoja ya mateso ndiyo inayorudi kila mara mjadala huu unapoibuka.

UPINDE WENYEWE SI WA BABU

Upinde unaozungumziwa hapa ni ule wa kampaundi, wenye magurudumu juu na chini na nyaya zinazopishana. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri, ambaye aliomba hataza mwaka 1966 na kupewa 1969. Ujanja wake uko kwenye magurudumu: unavuta kwa nguvu, lakini ukifika mwisho uzito unashuka. Upinde wa pauni 70 unaweza kukuachia pauni 14 tu mkononi, ukalenga bila kutetemeka.

Mashabiki wa michezo wataanza kuuona sana. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa ya kwanza kuwa na upinde wa kampaundi, kwa timu mchanganyiko za mwanamume na mwanamke. Tofauti ni kwamba wale wa Olimpiki hupiga kwa ncha nyembamba mwanzo hadi mwisho. Mwindaji ndiye mwenye kasheshe ya kubadilisha.

KWA NINI KINAGOMA KUNYOOKA

Kumbuka Jabulani, ule mpira wa Kombe la Dunia 2010 pale Afrika Kusini. Ulikuwa na vipande 8 tu, laini kuliko mipira iliyozoeleka, na makipa wakalalamika kwamba unabadili njia hewani. Uzito ulikuwa wa kawaida, miguu iliyopiga ni ileile. Hewa ndiyo iliyokuwa inaushika vingine.

Kigumba cha mazoezi ni kama risasi ndogo, hewa haina pa kukishika. Kigumba cha kuwindia kina visu viwili, vitatu au vinne, na kila kisu ni kama bawa dogo. Mshale nyuma una manyoya ya plastiki, nayo ni mabawa yanayouongoza. Sasa mbele kuna mabawa, nyuma kuna mabawa. Mshale ukitoka umekaa upande kidogo tu, yale ya mbele yanakamata hewa na kuanza kuendesha gari wakati dereva amekaa siti ya nyuma.

Mshale ukienda kasi, ugomvi unazidi. Pinde nyingi za sasa zinarusha mshale kwenye futi 280 kwa sekunde au zaidi, yaani mita 85 na kuendelea.

Kwa hiyo kigumba hakileti kosa jipya. Kinaanika kosa lililokuwepo siku zote. Ukiwa na kile cha mazoezi, manyoya ya nyuma yanasahihisha kimyakimya na wewe unajiona fundi.

ANZA NA MSHALE

Mafundi wanasema usikimbilie kugusa upinde. Anza na mshale wenyewe.

Kwanza, uzito. Vigumba vingi ni vya greni 100 au 125. Greni 100 ni kama gramu 6.5. Cha kuwindia kilingane na ulichofanyia mazoezi. Ukiongeza uzito mbele, mshale unapinda zaidi unaporushwa.

Pili, ugumu wa mti wa mshale. Hupimwa kwa kuuegemeza sehemu mbili zenye nafasi ya inchi 28, kisha kuning'iniza uzito wa gramu 880 katikati na kuona unapinda kiasi gani. Ndiyo maana mishale ina namba kama 340, 400 au 500. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu. Upinde mkali na mshale laini ni ndoa ya shida.

Tatu, unyoofu. Funga kigumba, simamisha mshale kwa ncha juu ya kitu kigumu, uzungushe kama pia. Kikitikisika pale shingoni, huo mshale weka benchi. Hakuna fundi atakayeunyoosha hewani.

Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanalijua hili bila kipimo chochote. Mti wa mshale wanaupasha moto na kuunyoosha kwa meno, kipande kwa kipande, kabla ya kufikiria manyoya wala chuma.

KISHA UPINDE

Kipimo cha kwanza ni karatasi. Unaitega kwenye fremu, unasimama kama mita 2, unapiga mshale upite katikati. Tundu safi lenye alama tatu za manyoya linasema mshale umetoka umenyooka. Karatasi ikichanika kwa kuvutwa upande, mkia wa mshale umetangulia kwenda pembeni.

Mara nyingi kosa ni la mkono. Wengi wanaukaba upinde kama wanagombania mpira wa kurusha, kiganja kinaupindisha bila wao kujua. Ushike kwa ulegevu, ukae kwenye mfupa wa kidole gumba, vidole vining'inie. Kuna watu wamehangaika na spana wiki nzima kumbe dawa ilikuwa kulegeza ngumi.

Ukishanyoosha mkono, ndipo inakuja mechi yenyewe. Simama yadi 20, hatua chache tu nje ya boksi la penalti. Piga mishale mitatu yenye vigumba vya mazoezi, kisha mitatu yenye vya kuwindia, kila mmoja na alama yake, maana wembe ukigonga mshale mwenzake hasara ni yako. Angalia makundi mawili yameangukia wapi.

Kanuni ni rahisi: sogeza kiegemeo cha mshale kuelekea kule vigumba vya mazoezi vilikopiga. Vya kuwindia vikiwa kushoto, kiegemeo kiende kulia. Vikiwa chini, kipande juu. Sogeza chini ya milimita moja kwa mara moja, piga tena. Yakikutana yadi 20, rudi 30, kisha 40.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona mshale umekwenda kushoto, wanasogeza kilengeo na kujiona wamemaliza. Hiyo ni sawa na kuhamisha goli kwa sababu straika anapiga nje. Mshale bado unaruka upande, na siku ya upepo utakuumbua. Kilengeo kiguswe mwisho kabisa, makundi yote mawili yakishakuwa kitu kimoja.

NJIA YA MKATO IPO

Kuna vigumba ambavyo visu vyake vimekunjwa na hufunguka vikigonga mnyama. Vinaruka karibu sawa na vya mazoezi, na vina mashabiki kibao. Ila vinatumia sehemu ya nguvu ya mshale kujifungua, na kitu chenye bawaba kinaweza kugoma. Waliojaribu vyote viwili wanakwambia: upinde ambao haujanyooshwa hautaponywa na kigumba cha bei mbaya.

Basi yule mwindaji mjanja haanzi kazi hii usiku wa kuamkia Oktoba 1. Anaianza mapema, anapiga kwa kigumba kilekile atakachoingia nacho porini, kisha anabadilisha visu ili siku yenyewe viwe vikali.

Na kama siku imefika na mishale bado inatawanyika? Abaki nyumbani. Kocha mwenye akili hampangi mchezaji ambaye hajapona, hata iwe dabi.