Joto Lililo Chini ya Florida Avenue

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia jotoardhi humjia akilini Olkaria, ambako mvuke umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Washington, D.C. haina mvuke huo. Ina udongo ambao, mita kumi kwenda chini, hubaki na nyuzi kama 13 za Selsiasi, iwe Januari ya theluji au Julai ya fukuto. Joto hilo dogo latosha. Maji yanayozunguka kwenye mabomba yaliyofukiwa hulibeba hadi kwenye pampu, kompresa hubana gesi iliyolipokea mpaka ipate moto, na nyumba hupashwa kama friji inavyotoa joto mgongoni. Kwa kila uniti ya umeme hupatikana uniti tatu au nne za joto. Hata umeme huo ukitoka kwenye mtambo wa gesi unaopoteza nusu ya nishati yake, bado gesi ileile hupasha zaidi kuliko ikichomwa kwenye boila ya nyumbani.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya majengo mapya. Hoja yao ina uzito: kisima cha mita 100 hudai mtambo wa kuchoronga, na nyumba za matofali zilizobanana ukuta kwa ukuta hazina uwanja wa kuuweka. Rejeta za chuma nazo zilizoea maji ya nyuzi 70 au zaidi, ilhali pampu hufanya kazi vizuri ikitoa 50 hivi. Lakini nyufa zikizibwa na dari ikizuiwa kuvujisha joto, mara nyingi maji hayo ya nyuzi 50 hutosha. Na kuhusu nafasi, tazama makao makuu ya chama cha wanajiofizikia, American Geophysical Union, Florida Avenue, jengo la 1994 lililokarabatiwa chama kikikaribia kutimiza miaka 100 mwaka 2019. Huko, badala ya kisima, majitaka huvutwa kutoka bomba kuu la barabarani, huchujwa takataka, hupitia kibadilisha joto kilichojaa maji safi ndani ya mabomba yake, kisha hurudi yalikotoka. Vimiminika hivyo viwili havigusani kamwe. Joto la bafu na nguo za mtaa mzima linatumika tena.

Kwa hiyo kikwazo si uzee wa jengo. Ni kumwachia kila mwenye nyumba achimbe peke yake, kwa gharama asiyoimudu. Barabara za jiji hufukuliwa hata sasa kubadilisha mabomba ya gesi yaliyochakaa. Kabla ya kutoa kibali cha kuufukua mtaa, wasimamizi wa jiji wadai kwanza hesabu ya gharama ya kufukia hapohapo mabomba ya maji ya pamoja, ya kubeba joto hadi kwenye pampu za nyumba zote za mtaa huo.