Leba Ipi?

Leo tulitazame neno moja la Kiingereza lililoingia vinywani mwetu bila kubisha hodi, nalo ni leba. Mimi nilisomea ualimu nikaishia kuwa karani wa parokia, na mali ya karani ni maneno, basi mtanivumilia.

Mzee mmoja wa kigango chetu, aliyepita miaka themanini, alipata habari usiku kwa simu. Mwanawe yuko safarini, nyumbani alikuwapo mjukuu wa darasa la nne tu, naye akamsomea: "Mama yuko leba." Sasa mzee huyu ujanani alikata mkonge upande wa Kilosa. Kule, Leba alikuwa ofisa wa Serikali, aliyekuja kusikiliza mashtaka ya manamba waliopunjwa mshahara au posho. Na mkwewe hupepeta mahindi pale sokoni Kibaigwa. Mimba, kwa hesabu yao, ilikuwa bado mwezi mzima. Mzee akawaza: amepunjwa, amekwenda kushtaki, vema. Akalala.

Alfajiri jirani akaja mbio. Mama amepasuliwa, damu imempungukia, ndugu wa kumtolea wanatafutwa tangu usiku.

Je, mzee alikosa? Mimi nasema hakukosa. Waingereza wenyewe wamelitwika neno hili mizigo mingi. Kwanza ni kazi ya jasho. Pili ni wafanyakazi wote kwa jumla. Ndiyo sababu lile shirika lililowakusanya manamba, ambalo wazee waliliita Silabu, lina leba tumboni mwa jina lake. Ndiyo sababu pia Uingereza kuna chama kinachoitwa Leba. Hicho ndicho kilichotawala Uingereza tangu 1945 hadi 1951, na ndiyo serikali yake iliyoleta mashamba ya karanga hapa kwetu Kongwa mwaka 1947. Waliacha mwaka 1951, na paundi milioni 36 zimepotea. Leba ile ilikuwa na uchungu mwingi na karanga chache.

Tatu ni uchungu wa kuzaa. Wafaransa nao wana neno moja, travail, kwa kazi na kwa uchungu huo. Na mkifungua Mwanzo, sura ya tatu, katika Kiebrania taabu ya mwanamke anayezaa na taabu ya mwanamume anayelima hutajwa kwa neno lile lile moja. Sisi Waswahili tumetenganisha: huku kazi, kule uchungu. Ni vizuri kwa kuelewana, lakini nadhani tumepoteza kitu, maana mume akirudi toka shambani husema amechoka kwa kazi, na mkewe aliyezaa juzi huambiwa amekaa tu nyumbani. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya 1981 juu ya kazi, aliwataja wanawake wanaobeba mzigo wa nyumba na watoto bila kutambuliwa, hata na jamaa zao. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Mpepeta mahindi wa sokoni hana mwajiri wa kumpa hata moja.

Basi hospitalini wamelichukua neno la tatu peke yake, wakakiita leba chumba cha kuzalia. Vijana wanaelewa. Wazee hawaelewi, na simu za usiku mara nyingi hupokewa na wazee. Ukituma habari, andika: ameshikwa na uchungu, yuko hospitali fulani, njooni sasa. Ni maneno machache tu zaidi.

Mama yule alipona. Mtoto ni wa kike, nami mwenyewe nilimwandika katika kitabu cha ubatizo. Mzee alikuwa amesimama dirishani, akaniuliza kama ile leba ya Serikali bado ipo. Nikamwambia ipo, ila siku hizi huitwa Afisa Kazi.

"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana sijamwona miaka yote hii."