Neno "Manageable"

Wenzangu wengi hapa Remera hufasiri neno la Kiingereza "manageable" kuwa "inawezekana". Tafsiri hiyo yapunguza maana. Neno lenyewe latokana na Kiitaliano "maneggiare", yaani kumshika na kumfunza farasi, na asili yake ni Kilatini "manus", mkono. Basi ni jambo unaloweza kulishikia hatamu. Huenda lisikwishe, lakini halikushindi. Kupandisha baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi kutoka Nyabugogo hadi Remera kwawezekana, lakini mwulize mwenye baiskeli kama anaumudu mlima! Ndiyo sababu napenda kusema "-mudika": kazi inayomudika, darasa linalomudika.

Wala tofauti hii si ya mtihani tu. Daktari mgeni alimwambia shangazi yangu kuwa ugonjwa wake wa kisukari ni "manageable". Jirani akamfasiria, "Utapona." Alipopata nafuu akaacha dawa, na baadaye akarudishwa hospitali hajitambui. Kumbe daktari alisema unamudika: hauondoki, ila kwa dawa, chakula cha kiasi na kupimwa damu mara kwa mara, mtu huishi nao. Siku hizi daftari lake la vipimo nalijaza mimi kila asubuhi.