Ngozi ya chatu hudanganya

Umepata kuona, msomaji, ngozi ya chatu iliyotundikwa ukutani, na mwenyewe akijisifu kwamba nyoka yule alikuwa na mita 5? Usimwite mwongo, lakini usimsadiki upesi. Ngozi ya nyoka huvutika sana. Chatu wa mita 4, akichunwa na ngozi yake ikawambwa kwa nguvu, yaweza kukaribia mita 5 bila kupasuka. Na nyama imekwisha kutupwa, nani atashuhudia?

Hiyo ndiyo taabu ya fundi anayetaka kumsimamisha chatu katika nyumba ya makumbusho. Mafundi wa zamani walishindilia majani makavu ndani ya ngozi, wakashona. Mnyama wao alifanana na mto wa kulalia. Carl Akeley wa Marekani aliikataa desturi hiyo. Watu wa Kivu wana haki ya kulijua jina lake, kwani alifariki katika mlima Mikeno tarehe 17 Novemba 1926, katika safari ya kazi ya ngagi kwa makumbusho ya New York, akazikwa huko huko. Yeye alifinyanga kwanza mwili wote kwa udongo, akifuata vipimo. Akautolea kalibu ya plasta, na kwa kalibu hiyo akafanya umbo jepesi, tupu ndani. Ngozi ilivikwa mwisho.

Kwa chatu kanuni ni ile ile, ila hana bega wala paja la kumwonyesha fundi mahali ngozi inapokaa. Tena hujikunja apendavyo. Basi umbo lake hupimwa kama kanzu, kwa mwili wake yeye mwenyewe.

Kabla ya kuchuna, fundi humnyosha chini bila kumvuta, akapima tangu pua hata ncha ya mkia. Kisha, kila sentimita 10, huzungusha uzi na kuandika unene. Mwili uliochunwa nao hautupwi: huulaza katika mkunjo anaoutaka, akauchora juu ya karatasi. Ndipo anapopinda waya mnene kuwa uti wa mgongo na kuuzungushia nyuzi za mbao kwa kamba. Siku hizi wengi huchonga povu gumu la plastiki kwa kisu na tupa.

Hapa wengi hukosea. Chatu aliyelala si mviringo kama bomba. Tumbo lake hutandazika chini kwa uzito wake. Anapojipinda, magamba ya upande wa ndani husongamana, ya nje huachana. Umbo likiwa jembamba, ngozi hukunjamana. Likiwa nene mno, ngozi inapokauka hujikaza na mshono hufumuka, nalo kosa hilo halina dawa. Kwa hiyo fundi huijaribu ngozi mara mbili tatu kabla ya kutia gundi, akipunguza hapa, akiongeza udongo pale. Rangi nayo hufifia, hurudishwa kwa brashi.

Wanafunzi wanaokuta wanyama wa namna hii katika kabati kuukuu la shule wasiwashike. Zamani ngozi zilipakwa arseniki, sumu kali, zisiliwe na wadudu, na sumu hiyo haiishi kwa miaka. Anayewapangusa vumbi afunike pua na mdomo, kisha anawe mikono kwa sabuni.